Meno ya Fundo la Asali

Mwaka nilioanza kuijua kazi hii ni mwaka tuliokula ndiga. Waliosoma wana tarakimu zao, waziandike. Mimi na wenzangu tunahesabu kwa tumbo. Kwanza ulikuwa mwaka wa mpunga, tukala tukasaza, hata kuku wakachoka. Ukafuata mwaka wa mpunga uliochomwa, tukawa tunachagua punje kwenye majivu, ukitafuna meno yanakuwa meusi kama ya mchawi. Kisha ukaja mwaka wa ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unakitia kwenye tenga, unakilaza mtoni siku tatu maji yapite, unakianika, ndipo unakitwanga. Mwenye njaa ya kweli hawezi kungoja siku tatu. Wasioweza kungoja tuliwazika.

Nyie madresa wafunga vidonda na manesi mnaobaki pale zahanati Kibiti mliniaga juzi nilipoacha kazi, kwa doti ya kanga na maneno mengi. Kanga nimeivaa. Maneno niliyaacha palepale barazani. Lakini mliniomba niandike namna ya kutazama meno ya mtoto mdogo siku ya daktari, na hilo sitawanyima, maana nimewaona mnavyofanya na mnafanya vibaya. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka juzuu ya tatu nikatolewa kuolewa, kwa hiyo mkikuta herufi imelala chini, iinueni wenyewe.

Mimi ni mtu wa Maparoni, kisiwa cha delta, kwa wakata mikoko na wavuvi. Niliolewa huku juu, Ruaruke, na mama mkwe wangu Bi Somoe alikuwa mkunga. Kazi ya mkunga siku zile haikuisha mtoto akizaliwa. Jino la kwanza likitoka, mkunga anaitwa alione. Likitoka la chini, watu wanacheka na mama anapikiwa uji. Likitoka la juu kwanza, mtoto ni kigego, na kigego walisema ataumaliza ukoo. Mtoto wa namna hiyo alikuwa haonekani tena, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi. Nyie mmezaliwa hayo yakiwa yanakwisha. Mshukuruni Mungu na mfunge midomo.

Bi Somoe alinichukua niwe namshikia watoto kwa kuwa nina vidole vyembamba. Yeye ndiye aliyenifundisha yote ambayo daktari alikuja kudhani kanifundisha yeye. Keti jua likiwa mgongoni kwako. Mama akae mbele yako, magoti yenu yagusane. Mtoto alale chali juu ya mapaja yenu, miguu kwa mama, kichwa kwako, amwone mama yake usoni. Osha kidole. Usimwambie fungua, mtoto akiambiwa fungua anafunga. Inua tu mdomo wa juu kwa kidole kama unavyoinua pazia, na uwe unaongea na mama habari za kuku.

Siku moja tuliitwa nyumba fulani. Nikatia kidole mimi kwanza. Chini kulikuwa ufizi mtupu, laini. Juu nikagusa meno mawili, makali kama punje za mchele. Nikafumbua mdomo niseme. Bi Somoe akanifinya paja, akanifinya hadi nyama ikageuka rangi, huku anawatazama wazee waliosimama mlangoni.

"Ya chini," akawaambia.

Njiani nikamwambia, "Mama, mbona ni ya juu?"

"Nani kasema?"

"Nimeyagusa."

"Wewe una kidole, Zena. Mimi nina mdomo. Waliokuja kuuliza waliniuliza mimi."

Katika miaka yote aliyoifanya kazi hiyo hakuona jino la juu hata moja. Nilidhani kwamba amezeeka, macho yamekwisha. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu mtausoma hapa chini.

Vita vilipokuja, mume wangu alipewa maji akanywa, akajipaka, akachukua mkuki, akaondoka. Sina la kuongeza. Bi Somoe alikufa mwaka ule wa majivu, kwa tumbo. Askari wa Mdachi walipochoma vihenge vya mpunga vya Ruaruke, sisi wenye watoto tuliingia porini, tukasogea kidogo kidogo upande wa Mloka, ambako tembo walikula kile ambacho askari walisahau. Tulikuwa wanawake kadhaa. Idadi naijua mwenyewe. Kila mmoja na mwana mgongoni, wengine wakiwa ndiyo kwanza wanaota meno.

Askari hatafuti moshi tu. Anasikiliza. Mtoto mmoja akilia asubuhi, watu wote wamekwisha. Mwenzetu mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja mpaka askari walipopita. Walipopita akaondoa kiganja. Mtoto hakulia, na hakulia tena. Tulichimba kwa mikono, na mama yake alichimba na sisi.

Baada ya siku ile ndipo nilipobuni fundo. Tulikuwa tumepata mzinga kwenye shimo la mti. Nilichana kipande cha nguo yangu ya kaniki, nikafunga fundo kubwa kama gego la ng'ombe, nikalichovya katika asali, nikamtia Tatu mdomoni. Tatu ni mwanangu, wa pekee. Akanyonya akanyamaza. Wenzangu wakatazama, wakachana kaniki zao. Tangu mvua za vuli mpaka masika yalipokwisha, watoto wale waliishi na fundo mdomoni, asubuhi, mchana, wakilala nalo, wakiamka nalo. Askari walipita mara nyingi karibu nasi, mara moja karibu kabisa, nikahesabu vifungo vya koti. Hakuna mtoto aliyelia. Fundo lile ni langu na nalisema kwa kujivuna: watoto wale walikua, wana watoto wao. Sitaki mtu mwingine alichukue.

Na meno nayo ni yangu. Hilo pia sitaki mtu alichukue.

Vita vilipopoa tulirudi, tukapangwa Kibiti kulima pamba. Wanaume waliosalia walirudi mmoja mmoja, kila mmoja na kauli ileile: hakuwa vitani, alikuwa delta akikata boriti za mikoko. Kama wote waliosema hivyo wangekuwa Maparoni kweli, kisiwa kingezama. Akida, mtawala wetu aliyewekwa na Mdachi, hakuamini, lakini hakuwa na shahidi. Akida wetu huyo jina lake nimemzika nalo. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliokuwa porini, maana mwanamume ambaye mkewe alikuwa porini alihesabiwa mpiganaji, akatiwa mnyororo wa shingo, akapelekwa kazi za mbali. Waliorudi kutoka huko sikuwaona.

Daktari Mdachi alikuja kila mwezi ukiandama, na wapagazi wake na masanduku, akakaa kwenye banda la pamba. Akida alipiga mbiu, wenye watoto wote wafike. Alichanja ndui, akatazama macho, akabonyeza matumbo kutafuta wengu uliovimba, ndiyo maana tulimwita Bwana Bonyeza. Mwisho alitaka midomo. Hapo ndipo kazi ilipomshinda. Alikuwa na kijiko cha chuma na ndevu nyekundu. Akisogeza kimojawapo tu, banda zima linalia.

"Hapana lia. Fungua," anasema.

Mtoto wa kwanza akamtapikia. Wa pili akamng'ata mpaka damu. Wanawake wakacheka ndani ya kanga, mmoja akanisukuma mgongoni: "Nenda bwana, nenda kamwokoe mzungu wa watu asije akaliwa."

Nikaenda. Nikamwambia, "Bwana, weka kijiko chini." Nikaketi jua mgongoni, nikamwita mama mtu, magoti kwa magoti. Nikainua mdomo wa juu wa mtoto nikiuliza habari za kuku. Mtoto akanitazama tu. Bwana Bonyeza akainama juu ya bega langu, akasema neno la kwao. Akida akafasiri: "Anasema utakuwa unakuja kila mwezi." Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Mtu yule alikuwa anajua kazi yake, nisimpunje. Alinipa kioo kidogo chenye mpini, alinionyesha dalili ya kwanza, ile mnayoipita nyie kila siku. Kabla jino halijawa jeusi huwa na mstari mweupe karibu na ufizi, mweupe wa chokaa, hauna mng'aro. Futeni jino kwa kitambaa kwanza, kauke, ndipo mtauona. Mate yanayadanganya macho. Mstari ule ukigeuka wa manjano, bado mna muda. Ukiwa kama maji ya chai, muda unakwisha. Ukiwa tundu, mama atawaambia ni mdudu. Msimcheke. Mwambieni asimlaze mtoto na kitu kitamu mdomoni, amsugue kwa kitambaa cha chumvi kila jioni, na mswaki wa mti atakapoweza kuushika. Mkikuta uvimbe kwenye ufizi, kama chunusi, msingoje mwezi ujao. Wengine hawafiki mwezi ujao.

Mwezi wa pili wa kazi nikaanza kuona kitu. Watoto wengi meno yao yalikuwa safi, tulikuwa tunakula nini cha kuyaozesha? Lakini wengine, wa umri mmoja, walikuwa na meno manne ya mbele juu yameoza kabisa, vigutu vya kahawia, na ya chini mazima meupe. Bwana Bonyeza aliwatenga, akakuna ndevu. "Kwa nini juu tu?"

Mimi nilijua tangu mtoto wa tatu. Mtoto akinyonya, ulimi unafunika meno ya chini. Ya juu ndiyo yanayoogelea katika asali. Na niliwajua mama zao. Na Tatu wangu alikuwa nyumbani na vigutu vinne vilevile. Nikanyamaza mwezi mzima. Msidhani ilikuwa busara. Ilikuwa aibu.

Mwezi wa tatu akaja Mwanaidi na mwanawe Shomari. Katika wenzangu wa porini, Mwanaidi peke yake ninamtaja, kwa sababu nilikwisha kumtaja zamani mbele ya watu wasiofaa. Shomari alikuwa kavimba uso upande mmoja, jicho limefungwa, ngozi inang'aa kama biringani. Usaha ulitoka kwenye kigutu cha jino. Alinuka. Joto lake ulilisikia kabla hujamgusa.

"Anakula nini?" akauliza daktari.

Mwanaidi akatazama chini.

"Mama, sema. Anakula nini?"

Nikaona mtoto anakufa mbele yangu kwa kukosa jibu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba daktari mzima alikuwa hajui na mimi ninajua, na kitu hicho kilinikaa kifuani kama cheko. Nikasema, "Ni asali, Bwana. Tuliwapa fundo la asali wasilie. Tulipokuwa porini."

Akida alikuwa anafasiri. Hakufasiri mara moja. Aligeuka akanitazama kwa upole, akasema, "Endelea, mama Tatu. Unaeleza vizuri."

Na mimi nikaendelea! Nilieleza kaniki, nikaeleza mzinga, nikaonyesha kwa kidole ukubwa wa fundo. Daktari aliandika ukurasa mzima. Aliniambia, "Wewe akili nyingi," na mimi nikatabasamu. Kisha akapasua ule uvimbe, usaha ukajaa bakuli, akaosha kwa dawa kali.

Siku ya tatu askari wawili walimfuata mume wa Mwanaidi kwenye matuta ya pamba. Alikuwa na pamba mikononi bado walipomtia mnyororo. Hakurudi. Siku ya nne Shomari akafa. Sijui kama dawa ilichelewa au kisu kiliharakisha. Nimetazama vinywa vya watoto maisha yangu yote baada ya hapo na bado sijui.

Nilikwenda matangani. Mwanaidi alitoka nje akasimama kizingitini nisiingie. Hakulia.

"Zena," akaniambia, "mwanangu nilimfumba mdomo miezi yote ile, na askari hawakutusikia. Leo nani kaufungua?"

Nikarudi nyumbani, nikamkalisha Tatu mapajani, nikainua mdomo wake nikavitazama vile vigutu vinne. Hapo ndipo nilipomwelewa Bi Somoe na mafinyo yake. Kuchelewa kuelewa ni ugonjwa wangu wa asili.

Mwezi ulipokaribia kuandama tena, akida alipiga mbiu siku tano mapema, kabla daktari hajafika. Wanawake wakapanga mstari mbele ya banda, watoto mgongoni. Baba zao walikuwa kondeni wakipalilia, na kila mwanamke pale alijua kwamba mumewe ndiye anayetafutwa kinywani mwa mwanawe. Akida alikaa kwenye kiti, askari mmoja pembeni. Akanipa kipande cha chokaa.

"Kazi yako ileile," akasema. "Unainua mdomo, unatazama. Meno ya asali, unamtia mtoto alama mkononi. Basi. Hakuna wa kukulaumu, mimi ndiye ninayeamuru."

Nikaketi, jua mgongoni. Akaja wa kwanza. Nikainua mdomo. Kahawia, vigutu vinne.

"Safi," nikasema. "Anayefuata."

Wa pili, kahawia. "Safi. Anayefuata." Nikamgeukia mama yake. Nikamuuliza habari za kuku. Akasema, "Wote wamekufa, dada." Nikamwambia pole.

Akida akainuka. Akamvuta mtoto wa tatu, akampandisha mdomo kwa dole gumba lake chafu. "Hii ndiyo safi?"

"Huyo ana mdudu."

"Na yule?"

"Mdudu."

"Mdudu huyu mbona anachagua watoto wa waliokimbia?"

"Muulize mdudu, Bwana Akida. Mimi sijaonana naye."

Mtu mmoja mstarini akaguna, nadhani alitaka kucheka akakosa pumzi. Akida akapandwa na hasira. Akasema, "Lete mwanao." Tatu alikuwa mgongoni kwa jirani mbele ya mstari. Sikungoja wamvute. Nilimchukua mwenyewe, nikamgeuza uso, nikainua mdomo wake kila mtu aone.

"Huyu ni wangu. Kaoza yote manne. Mimi nilikuwa porini, na baba yake alikunywa maji akafa. Tia mnyororo kaburi lake ukiliona."

"Vizuri. Sasa umeanza kusema. Wewe ulikuwa porini. Na nani?"

"Natazama meno tu. Porini sikumwona mtu."

"Ulimwambia daktari *tuli*kuwa."

"Natazama meno tu. Porini sikumwona mtu."

Akaniambia, kwa vile meno ndiyo kazi yangu, basi tuanze na yangu. Akamwashiria askari. Kitako cha bunduki kilinipiga mdomoni mara moja. Mtu mwenye mazoea anajua kwamba mara moja inatosha. Nilitema mawili ya mbele juu, mazima, yasiyo na tundu hata kidogo. Nilikuwa na meno mazuri, muulizeni yeyote wa rika langu. Tatu akalia, akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa porini, na nikafurahi kuisikia, naapa.

Waliniweka ghala la pamba siku tano. Kila asubuhi akida alikuja kuuliza, na kila asubuhi nikamjibu lilelile, ingawa kwa pengo jipya maneno yalikuwa yanapiga mluzi. Kila asubuhi pia mtu alipitisha kibuyu cha maji ya chumvi chini ya mlango nisukutue. Niliona vidole tu. Vilikuwa vya Mwanaidi. Hakusema neno siku zote tano, na sikumwita. Mpaka leo hajanisamehe, na sijamwomba. Tatu alilala kwake siku hizo, akala kwake.

Bwana Bonyeza alipofika, alikuta watoto wote wanang'ata. Hakuna mama aliyekubali kukaa magoti kwa magoti na mtu mwingine. Akauliza mwanamke wa meno yuko wapi. Nikatolewa. Akanitazama mdomo, maana alikuwa hawezi kumtazama mtu pengine.

"Nani amefanya?"

"Nimeanguka, Bwana."

Akamtazama akida. Akida akatazama pamba. Daktari akafungua daftari lake kwenye ukurasa ule wa asali, akausoma, akaufunga. Hakuuliza tena habari ya porini, wala hakumuuliza akida kitu. Msimpambe kwa hilo. Mtu anaweza kunyamaza kwa wema au kwa kuchoka, na yeye alikuwa na safari ndefu ya kwenda Ruaruke siku ileile. Lakini akida alibaki bila shahidi. Wanaume wale walipalilia pamba mpaka walipozeeka.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kwa pengo. Nawaambieni, ni kifaa bora kuliko kioo. Mtoto akiletwa namwonyesha kwanza pengo langu, natoa ulimi kati yake, anacheka. Akicheka tayari nimeyaona yote manane ya mbele. Nyie wenye meno kamili itabidi mtafute njia nyingine.

Mdachi akaondoka na vita vyake vingine, akaja Mwingereza na zahanati yake ya bati. Sitawachosha na nani alipandishwa na nani alishushwa. Kilichobadilika ni sukari. Duka la kwanza la Kibiti lilipoleta sukari, mwaka wa pili nikaona meno ya asali yamerudi, kwa watoto ambao hakuna askari aliyekuwa anawatafuta. Mama anamlaza mtoto na kitambaa kilichochovywa chai tamu ili apate kutwanga kwa raha. Nilikuwa nawakaripia vibaya sana, hata dresa mkuu akaniita ofisini kuniambia nina mdomo mchafu. Hakujua ninachokiona. Kila nikiinua mdomo nikakuta manne ya juu yameoza na ya chini mazima, nasikia harufu ya kaniki iliyolowa.

Msinidhanie kwamba nimeshindwa kila kitu. Nina wajukuu tisa kwa Tatu. Nimeyatazama meno yao mwenyewe kila mwezi ukiandama, tangu la kwanza. Hakuna aliyeoza hata mmoja. Na wote tisa, la kwanza lilikuwa la chini. Nimeulizwa mimi, nimesema mimi.

Sasa limebaki lile jambo la juzi. Nesi mmoja, simtaji kwa kuwa ni mtoto mzuri ila mdomo mwepesi, alinikalia pembeni mkiwa mnakunywa soda za kuniaga.

"Bibi," akasema, "Mdachi kaondoka, akida kafa, kaburi lake lina nyasi. Siku hizi mtu akisema baba yake alikuwa porini anapewa kiti mbele. Tutajie basi zile nyumba zilizokuwa porini. Si ni sifa?"

"Na ikigeuka?"

"Haigeuki tena, Bibi."

"Mume wangu naye aliambiwa risasi zitageuka maji."

Akatazama soda yake. Kisha nyote mkaanza, eti niandike tu kwenye karatasi hizi, majina machache, wajukuu wajue. Nimewaandikia jua liwe wapi, magoti yawe wapi, mstari mweupe uko wapi na kitambaa cha chumvi ni cha saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi yangu yote na sasa ni yenu. Watoto wale wamekuwa wazee wa Kibiti, napishana nao njiani, na vigutu vyao vilidondoka zamani, yakaota meno mapya. Hakuna anayeweza kuwatambua sasa ila mimi, na mmekuja kuniuliza mimi.

Natazama meno tu. Porini sikumwona mtu.